Siku Niliyomkatalia Madam Tekla

Jumamosi. Baridi kali, ukungu umelala juu ya migomba ya Uru, mlima hatujauona tangu Jumanne.

Nimerudi nyumbani sasa hivi na sijabadilisha hata nguo. Mama ameniwekea supu ya mtori, nayo inapoa hapo mezani. Naogopa kwamba nikila kwanza nitalainisha mambo kichwani, na leo sitaki kulainisha.

Leo nimefanya mtihani wangu wa ualimu wa baleti.

Hapa Moshi ukimwambia mtu unasomea ualimu wa baleti, atacheka kidogo, kisha atakuuliza kazi yako hasa ni ipi. Nimezoea. Miaka mitatu nimesoma majina ya mifupa ya mguu kwenye simu huku nikikata majani ya ng'ombe kihambani, kwenye shamba letu la nyumbani. Miaka mitatu nimejirekodi nikifundisha na kutuma video kwa wasimamizi wa kozi ya mtandaoni, nikarudishiwa maoni yaliyoniliza. Na miaka yote hiyo nimejaza kitabu cha saa: kila darasa nililofundisha, nilifundisha nini, kwa muda gani, na pembeni sahihi ya mwalimu mlezi. Ukurasa wa mwisho mlezi anathibitisha kwamba uko tayari kusimama peke yako mbele ya watoto. Sahihi hiyo isipokuwepo, hakuna cheti, hata ungefundisha vizuri namna gani.

Mlezi wangu ni Madam Tekla.

Ana miaka sitini na tatu. Ujanani alipelekwa Ulaya kusomea elimu ya michezo, na huko akajifunza baleti jioni baada ya masomo. Aliporudi akafundisha shule za serikali hadi kustaafu, lakini Jumamosi zake zote alizitoa kwa baleti. Ukumbi wake uko Pasua, nyuma ya karakana ya seremala. Sakafu ya mbao aliipiga seremala huyo huyo. Bomba la kushikia ukutani ni bomba la maji lililopakwa rangi nyeupe. Yeyote aliyewahi kucheza baleti katika mji huu amepita mikononi mwake, nami nikiwamo.

Nilianza kwake nina miaka tisa. Nilipotimiza kumi, akanivalisha viatu vya ncha, vile vigumu mbele ambavyo mchezaji husimama navyo juu ya vidole. Nililala navyo usiku wa kwanza. Baada ya miaka minne kifundo changu cha kulia kilikuwa kinavimba kila nikicheza, na kidole gumba kilishaanza kupinda. Daktari alimwambia mama kwamba mifupa yangu ilibebeshwa mzigo kabla haijakomaa, basi niache.

Niliacha. Nikamwambia Madam masomo yamekuwa mengi.

Huo ni uongo nilioubeba miaka kumi na nne. Niliporudi kwake nikiwa mtu mzima kuomba kusaidia watoto wadogo, alinipokea kwa mikono miwili, na sikuona sababu ya kumwambia ukweli. Alikuwa ananifundisha kazi. Nani anamwambia mtu anayemfundisha kazi kwamba ndiye aliyemharibia mguu?

Alhamisi, tukipanga darasa la mtihani, alisema Rehema atasimama na viatu vya ncha mbele ya mtahini.

Rehema ana miaka kumi. Huvaa suruali ndefu ya kubana na blauzi ya mikono mirefu, na kilemba chake hakijawahi kulegea hata akiruka. Ana kipaji ambacho sijakiona kwa mtoto mwingine. Lakini ni miaka kumi. Mifupa ya vidole vyake bado ni laini.

Nikasema, "Madam, si bado mdogo?"

Akasema, "Na wewe ulikuwa na kumi."

Nikanyamaza. Naliandika hili kwa aibu. Nilikuwa na jibu, nilikuwa na mguu mzima wa jibu, nikanyamaza kwa sababu ya ukurasa wa mwisho wa kitabu.

Leo asubuhi nilifika saa mbili na nusu. Mtahini, mama mmoja mpole wa sauti aliyesafiri kutoka Nairobi, alikuwa ameshakaa kwenye kiti chake na karatasi magotini. Nikaingia chumba cha kubadilishia nguo. Rehema alikuwa ameketi kwenye benchi, Madam Tekla amepiga magoti anamfunga utepe wa viatu vifundoni. Rehema aliposimama, midomo yake ilijibana. Sekunde moja tu, kisha akatabasamu. Tabasamu hilo nalijua. Nimelitumia miaka minne.

"Madam," nikasema, "naomba leo avae viatu vya kawaida."

Hakuinua kichwa. "Mtahini ametoka mbali. Anataka kuona kwamba hapa tunafundisha baleti, hatuchezeshi watoto ngoma za shuleni."

"Darasa ni langu leo."

Hapo akainua kichwa. Akasema polepole, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Darasa ni lako. Ukumbi ni wangu. Na wewe pia ni wangu, Felista."

Akatoka. Nikampa Rehema viatu vyake laini. Akavua vile vigumu bila kuniangalia, akasema, "Unanionea wivu, Mwalimu. Wewe huwezi kusimama navyo."

Nilitoka kwenda kufundisha nikiwa na maneno hayo kifuani.

Darasa lilianza vizuri. Watoto wanane kwenye bomba, kukunja magoti, kunyoosha, migongo imenyooka. Madam alikuwa pembeni kwenye spika, yeye ndiye aliyekuwa anaendesha muziki. Mtahini akaandika. Nikaanza kupumua. Tulipotoka kwenye bomba na kuja katikati ya ukumbi, Madam akazima muziki.

"Mwalimu Felista," akasema mbele ya wote, "Rehema bado hajaonyesha alichoandaa."

Nilisikia msumeno wa seremala upande wa pili wa ukuta. Rehema alikuwa ananitazama, macho yamejaa matumaini, na katika macho hayo hakukuwa na uadui wowote, alikuwa anaomba tu. Mtahini aliacha kuandika.

"Rehema hayuko tayari," nikasema. "Tunaendelea. Naomba muziki."

Muziki haukuja.

Nilihesabu mwenyewe kwa mdomo. Moja, mbili, tatu, nne. Sauti yangu ilikuwa nyembamba na inakwama. Nikasahau hatua niliyokuwa nimeipanga wiki nzima, nikawapa watoto nyingine ya wadogo zaidi, nao wakaifanya huku wanatazamana. Muziki ulirudi baada ya muda ambao mimi niliuona kama nusu saa. Wimbo haukuwa ule. Nikamaliza darasa na blauzi imelowa jasho kwenye baridi hii.

Kisha mahojiano, mimi na mtahini peke yetu, mlango umeegeshwa.

Aliniuliza mambo ya kupasha mwili joto kabla ya mazoezi, ya watoto wenye nyonga ngumu. Nikajibu. Kisha akaweka kalamu chini.

"Yule mtoto. Kwa nini ulikataa?"

Jibu la kitabuni nilikuwa nalo. Umri, nguvu za kifundo, miaka ya mazoezi, mifupa inayoendelea kukua. Nikalitoa lote. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Hayo nimeyasoma kwenye karatasi yako. Nakuuliza kwa nini wewe, leo, mbele ya mlezi wako."

Nikavua kiatu na soksi ya kulia.

Hakuugusa mguu wangu. Aliutazama tu, akauliza, "Ulikuwa na miaka mingapi?" Nikasema kumi. Akauliza, "Hapa hapa?" Nikaanza kuvaa soksi, na nadhani hilo lilitosha. Nilipogeuka, mlango uliokuwa umeegeshwa ulikuwa wazi kidogo zaidi ya tulivyouacha, lakini barazani hakukuwa na mtu.

Mtahini aliniambia palepale: kufundisha nimefaulu. Sehemu ya muziki na mpangilio nitairudia kwa video ndani ya mwezi. Kitabu cha saa akipate kimekamilika kabla hajaondoka kesho. Akanipa mkono, akashika wangu muda mrefu kuliko kawaida.

Nikaenda kumtafuta Madam Tekla na kitabu mkononi. Alikuwa ameshaondoka. Rehema naye ameondoka bila kuniaga.

Nilikaa kwenye ngazi za ukumbi karibu saa nzima. Nilikuwa nimefaulu na nilikuwa nimefeli, vyote kwa pamoja, na kilichoniuma zaidi hakikuwa kitabu. Lilikuwa neno la Rehema. Kwa sababu nikisema ukweli wote, wivu upo. Nilipomwona na vile viatu, sehemu moja ya moyo wangu ilihofia vidole vyake, na sehemu nyingine ilisema: kwa nini yeye, si mimi. Sijui ni ipi iliyonyoosha mkono ikampa viatu laini.

Saa tisa simu ikaita. Mama yake Rehema, anauza vitenge hapo Pasua.

"Mwalimu, njoo nyumbani. Mtoto amevua soksi nimeona ukucha mweusi. Amekuwa akikanyaga kwa kisigino tangu juzi, nikadhani anadeka."

Ningeweza kwenda peke yangu. Nilishaanza kutembea. Kisha nikasimama pale kwenye kona ya duka la dawa, nikampigia Madam.

"Shikamoo, Madam. Rehema ameumia. Niko hapa kona ya duka la dawa, naelekea kwao."

Akasema, "Nisubiri hapo."

Tuliingia pamoja. Rehema alikuwa kwenye mkeka, mguu ndani ya beseni la maji ya chumvi. Ukucha wa kidole gumba ulikuwa umevia damu, na kando yake ngozi imechubuka hadi nyama. Mama yake alitusalimia kwa adabu zote, akamwambia Madam shikamoo, lakini hakutukaribisha kukaa.

Madam aliketi mwenyewe chini kwenye mkeka. Kwa umri wake na magoti yake, haikuwa kazi ndogo. Akautoa mguu wa mtoto kwenye maji, akaupakata kwenye sketi yake nzuri ya mtihani.

"Umeumia lini?"

"Jumatano," Rehema akasema. "Ulinipa viatu nije nivizoee nyumbani. Nilikuwa nafanya nikitoka shule mpaka magharibi. Nilitaka usione aibu mbele ya mgeni."

Mtoto wa miaka kumi. Alikuwa anamkinga mwalimu wake.

Mama yake akasema, "Madam, mimi sijui baleti. Mimi nilikuamini tu."

Madam alikuwa anaufuta ule mguu kwa ncha ya kanga aliyopewa, polepole, kidole kwa kidole. Kisha, bila kunigeukia, akaniuliza:

"Felista. Wewe uliacha kwa sababu ya masomo?"

Nikautazama ule mguu wa Rehema.

"Hapana, Madam."

Akaitikia kwa kichwa mara moja, kama mtu anayepokea habari aliyoijua siku nyingi. Hakusema pole. Nilikuwa naingoja, nakiri, niliingoja kama mtoto, na haikuja.

Alimwomba radhi mama yake Rehema, maneno machache na macho yakiwa chini. Alimwambia Rehema kwamba hatagusa viatu vile mpaka mimi niseme. Mimi, si yeye. Rehema akanitazama, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Itakuwa lini?" Nikamwambia labda miaka miwili, labda zaidi, na kila mwezi tutapima pamoja nguvu za vifundo vyake ili aone mwenyewe zinavyopanda. Hakutabasamu. Lakini aliniuliza tunapima vipi. Jumatatu mama yake anampeleka kwa daktari, nami nitakwenda nao.

Nje, Madam aliomba kitabu cha saa. Alikiweka juu ya ukuta wa jirani, akafungua ukurasa wa mwisho, akasaini. Sahihi ikatoka mbovu kuliko zote za miaka mitatu; kesho asubuhi nitampelekea mtahini kitabu. Tukatembea pamoja hadi barabarani. Nilikuwa na hasira, nilikuwa namwonea huruma, nilitaka aondoke, nilitaka asiondoke.

Tulipofika mahali pa kuachana akasimama.

"Mimi waliponifundisha," akasema, "walinifundisha hatua. Mifupa hakuna aliyenitajia. Nilipoumia waliniambia nivumilie, nikavumilia, nikadhani ndiyo kazi yenyewe." Akafunga vizuri mtandio wake. "Hayo masomo yako ya kwenye simu. Mtu wa miaka sitini na tatu wanampokea?"

Nikamwambia nitauliza.

Akasema, "Uliza. Na kama hawanipokei, utanifundisha wewe. Jumanne niko huru."

Akaenda zake na lile begi lake la ngozi, mgongo umenyooka kama anavyotudai sote.

Nimekaa hapa nalifikiria lile jibu langu la "hapana." Limechukua miaka kumi na nne kutoka, na limekwisha kwa nusu sekunde. Nilidhani nikishalisema nitajisikia mwepesi. Sijisikii mwepesi. Najisikia kama mtu aliyekabidhiwa darasa ambalo halimo kwenye kitabu chochote nilichosoma.

Kwa sababu sijamsamehe bado. Naliandika hapa ili nisijidanganye. Na Jumanne atakuja, atakaa mbele yangu na daftari, na atanisubiri nianze.

Unamfundishaje mtu ambaye bado unamwogopa?