Wifi na Nywele Zake za Binadamu

Shoga uko wapi? Nimetoka saluni sasa hivi, mbavu zinaniuma.

Wifi yangu, yule dada wa mume wangu anayejiona malkia, kaja kushonewa wivingi. Kaweka pakiti mezani, kamwambia msusi, "Hizi ni nywele za binadamu. Usizishike kama katani."

Katani. Mbele ya wateja wote.

Msusi kachomoa nywele chache, kawasha kiberiti. Si unajua, nywele za mtu zikiungua hubaki majivu? Hizi zikayeyuka, zikawa kidonge kigumu. Saluni nzima ikanuka ndoo ya plastiki.

Wifi eti, "Kiberiti chako kibovu."

Kiberiti, shoga. Kiberiti ndicho kibovu.

Nikacheka mpaka nikashika ukuta. Ndipo msusi akanitazama kichwani, akauliza taratibu, "Na wewe dada, hizo ulipata wapi?"

Nikajishika nywele. Hizi ndizo wifi alizonizawadia harusini. Pakiti ya aina ileile. Na mimi mjinga nazilaza kwenye hariri kila siku kama mtoto mchanga.

Sasa chai inachemka jikoni. Mimi na plastiki yangu kichwani nimesimama mlangoni, mbali na moto, namsubiri mume wangu aje aipue.