Tangazo la Kalamu Nyekundu

Jumanne, 3 Machi

Leo waifai imenifurahisha. Sikuwahi kudhani nitaandika sentensi hiyo.

Asubuhi nimeona kwenye simu mtandao mpya hapa maktaba: Maktaba Bure. Hauna neno la siri! Ule wetu wa zamani, Maktaba Wageni, una neno la siri la herufi kumi na nne, na kila msomaji anakuja kaunta kuniuliza, nami nalitamka herufi moja moja mpaka koo linanikauka. Miezi miwili iliyopita niliandika kwenye daftari la maombi: tunaomba mtandao rahisi. Kumbe fundi wa kompyuta amesoma. Tunamwita Waya. Nilimwona anapita na ngazi begani, nikampa hongera kwa kazi nzuri. Akainua dole gumba, akatokomea.

Kilichonipendeza zaidi: ukiingia tu, ukurasa unafunguka, unataka ujiandikishe kwanza. Barua pepe yako na neno lake la siri. Safi kabisa! Maktaba ni kujiandikisha. Miaka kumi na tisa nimekaa kaunta hii, hakuna aliyewahi kuchukua hata gazeti bila kuandika jina.

Nikaandika tangazo kwa kalamu nyekundu, nikalibandika karibu na dirisha: TUMIENI MAKTABA BURE. JIANDIKISHENI KWANZA. Mwandiko wangu ule ule wa KIMYA TAFADHALI na wa USILE HAPA.

Wa kwanza alikuwa Mwalimu. Mstaafu, alifundisha hesabu. Kila Jumanne na Ijumaa anakuja na tableti yake kumwandikia binti yake aliye nje ya nchi. Alisita kidogo. Akauliza kama ni lazima aweke neno la siri la barua pepe yake mwenyewe. Nikamtania: Mwalimu, wewe darasani ulikuwa unapokea mtoto bila kumwandikisha? Akacheka. Akaandika.

Ijumaa, 6 Machi

Mwalimu hawezi kufungua barua pepe. Neno la siri si sahihi, inasema. Amejaribu mara tano, mimi mara mbili. Nikamwambia labda amesahau. Hakupenda. Akasema neno hilo ni tarehe ya ndoa yake iliyoandikwa kinyumenyume, na tarehe ya ndoa yake hajawahi kuisahau hata mwaka mmoja, ingawa mkewe hayupo tena.

Akaondoka bila kofia. Nikaitazama pale kitini. Mh.

Nilimwambia bosi kwamba mzee ameanza kusahau. Sijui kwa nini nilimwambia. Maneno tu ya kupita.

Jumatatu, 9 Machi

Yule dada anayesomea uuguzi naye barua pepe yake inamkataa. Na fundi cherehani anayekuja kusoma magazeti — vilevile. Nimewaambia wakumbuke vizuri. Lakini nimebaki najiuliza. Maktaba nzima imesahau?

Jumanne, 10 Machi

Mwalimu amekuja, hakufungua tableti. Aliiweka juu ya kaunta, akasimama tu.

Binti yake amempigia simu akilia. Eti baba yake amemwandikia Jumapili: amekwama mji wa mbali, begi limepotea, hajui aende wapi, asaidiwe haraka. Mwalimu hajatoka mji huu miaka minne. Jumapili alikuwa kwake anapiga pasi. Alimweleza binti kwamba yeye hakuandika kitu. Binti akamwambia taratibu: ndiyo maana naogopa, baba, kwamba umeandika na hukumbuki.

Anakuja wiki ijayo. Atampeleka kwa daktari, kisha atamchukua wakaishi pamoja huko, na nyumba ifungwe. Ile nyumba Mwalimu aliijenga na mkewe, tofali wakifyatua wenyewe. Hataki kuondoka. Hilo alilisema mara tatu.

Kisha akaniuliza, kwa sauti ya chini, kama Jumapili nilimwona stendi. Nilidhani ni mzaha. Hakuwa anatania.

Nimechanganyikiwa. Mtu anaweza kuandika barua nzima na asijue?

Jumatano, 11 Machi

Afadhali ningekaa na ujinga wangu.

Nimemuuliza Waya leo kuhusu mtandao wake mpya. Mtandao gani? Maktaba Bure. Akanikazia macho. Yeye hajaweka mtandao wowote! Hongera yangu aliidhani ni ya printa aliyoitengeneza siku ile.

Akanifafanulia pale pale, ngazi ikiwa begani. Mtu yeyote anaweza kukaa humu ndani na kidude kidogo kwenye begi, akarusha waifai yake na kuipa jina analotaka. Ule ukurasa ni mtego. Ukiandika, umemkabidhi ufunguo. Anaingia kwenye barua pepe yako, anabadilisha neno la siri, wewe unabaki nje, naye anawaandikia ndugu zako kwa jina lako. Kwa hiyo barua ya Jumapili… Mungu wangu.

Nikasema, lakini mtandao ule ulikuwa unaandikisha watu! Akasema hakuna waifai ya halali inayohitaji neno la siri la barua pepe yako. Na mambo ya siri, mtu atumie bando lake. Na simu isiachwe ijiunge yenyewe na kila mtandao inaoukuta. Na kabla ya yote, akasema, ukifika mahali pa umma muulize mhudumu wa hapo jina la mtandao.

Muulize mhudumu.

Waya anaingilia mlango wa nyuma, dirishani hafiki. Hakuliona tangazo. Alipokwenda kuangalia mitambo nililibandua, nikalikunja, nikalitia mkobani. Sikumwambia.

Ijumaa, 13 Machi

Maktaba Bure umerudi! Saa nne asubuhi upo, saa tano haupo. Nilizunguka chumba cha kusomea nikijifanya napanga vitabu. Watu kumi na mmoja. Wote wana mabegi. Nilimshuku bwana mmoja aliyekaa na gazeti muda mrefu bila kufungua ukurasa wa pili — kumbe amesinzia. Nilimpigia Waya, akafika umeshapotea.

Niliwaambia wote kwa mdomo wasiutumie. Mwanamke mmoja akashangaa: si ninyi mlibandika? Nikajifanya sijasikia.

Mwalimu alikaa kiti chake na karatasi tupu. Nilidhani anamwandikia binti kwa mkono. Nilipopita nikaona majina. Anaandika darasa lake la kwanza kabisa, kwa mpangilio wa rejesta, ajipime. Amefika arobaini na moja. Wa arobaini na mbili amegoma kuja.

Nilitaka kumwambia pale pale. Nikaenda kuchonga penseli.

Jumamosi, 14 Machi

Nimemsimulia baba watoto wakati wa chai. Akasema ninyamaze. Tangazo halipo, aliyelibandua ni mimi, nani ataniuliza? Na kazi nikiipoteza kwa umri huu nitaipata wapi nyingine? Nimemwona ana hoja. Dakika mbili baadaye sikuiona tena. Halafu nikaiona.

Watoto wangu mimi wakiambiwa mama yao amepungukiwa akili, ningependa nani anyamaze?

Jumatatu, 16 Machi

Kikao. Bosi anasema wasomaji wanne wamelalamika, wawili wanadai kulikuwa na tangazo. Akauliza ni nani alibandika. Waya akasema labda mwizi mwenyewe. Bosi akaenda mpaka dirishani, akagusa ukuta. Alama nne za gundi. Akasema gundi ipo kila mahali katika jengo hili, na kuhusu yule mzee, si mlisema amekuwa msahaulifu?

Mlisema. Ni mimi niliyesema!

Nyuma ya kichwa chake ukutani: KIMYA TAFADHALI. Mwandiko wangu. Nikatii.

Jumanne, 17 Machi

Naandika stoo, katikati ya vitabu vilivyochanika jalada. Nimeaga naenda kuchukua funguo. Funguo ninazo shingoni.

Binti amefika. Mwanamke mpole, macho mekundu, sanduku la safari bado lina karatasi ya uwanja wa ndege. Alinivuta pembeni, akaniita dada. Keshokutwa ni daktari, amesema, na daktari atataka maelezo ya mtu anayemwona baba mara kwa mara. Wewe unamwona mara mbili kwa wiki. Niambie ukweli, anasahau?

Nikaanza na mwizi wa waifai. Akaitikia kwa kichwa, kwa adabu. Akasema hilo bosi amekwishamweleza simuni, lakini baba yake alikuwa mtu makini mno, asingempa mgeni neno la siri kama akili yake ingekuwa timamu. Nani angemshawishi mwalimu wa hesabu?

Nilihisi mkoba umekuwa mzito begani. Nikaanza kunyoosha vitabu vya rafu iliyokuwa karibu.

Mwalimu akasikia kutoka kitini kwake. Akasema, "Usimsumbue, mwanangu. Labda kweli nasahau. Mimi nakumbuka kabisa kulikuwa na tangazo jekundu pale dirishani, likaniambia nijiandikishe. Leo nimekwenda kulitazama. Halipo."

Ndipo nikakimbilia huku.

Tangazo liko mapajani. Limechakaa kwenye mikunjo, ila kila herufi inasomeka. Mtoto wa chekechea angejua ni mkono wa nani. Nikitoka nalo, bosi yupo pale pale kaunta. Nisipotoka nalo —

Mlango wa stoo haufungi vizuri. Namsikia binti. Anamwambia baba yake polepole, kwa upendo, neno moja moja, kwamba hapakuwa na tangazo lolote. Na Mwalimu anasema sawa, mwanangu. Sawa.