Tulivyochelewa Kumzika Mama Mkubwa Batma

Kochkor,
12 Oktoba 2004.

Mpendwa kaka yangu Sanjar,

Shikamoo. Hujambo huko Novosibirsk? Baridi imeshaanza kuuma? Kile kikohozi cha vumbi la saruji kimepona, au bado unajifanya dume hutaki kwenda hospitali? Sisi huku ni wazima wa mwili. Viazi tumeshachimba, na yule ng'ombe mweupe amezaa ndama jike. Mama anakula kidogo, lakini anakula.

Najua habari za kifo cha Mama Mkubwa Batma zilikufikia. Sijui ni nani aliyekusimulia tulivyokwenda kumzika, na kama ni Mjomba Sagyn, basi umesikia uongo mtupu. Naandika nikiwa na hasira, Kaka, na sitaki zipoe kabla sijamaliza.

Erkin alipiga simu kwa jirani yetu kutoka kwao Kazakhstani. Alisema mama yake hatatolewa nyumbani mpaka ndugu zake wa kuzaliwa wafike, kama inavyompasa mwanamke aliyeolewa mbali. Lakini maiti ilikuwa imeshalala usiku mmoja, kwa hiyo mwisho wa kungoja ni alasiri. Mama alisikiliza, akafunga kitambaa chake, akasema, "Nataka kumwona uso." Tangu mpaka wa nchi ulipoanza kuwa mgumu kuvuka hawakuwa wameonana. Na unajua sisi wanawake hatufiki kaburini. Maiti ikishatoka uani, basi tena.

Tuliondoka alfajiri, tumejazana kwenye basi dogo la Ulan, mtoto wa Shangazi Kalbu. Mama alikaa dirishani akitunga maombolezo yake, midomo inacheza bila sauti. Bonde letu zima halina mtu anayelilia wafu kama yeye.

Kufika Balykchy, Mjomba akamgusa Ulan begani. Eti shemeji yake anakaa pale, na kupita mlangoni kwa shemeji bila kuonja mkate ni tusi. Sawa! Desturi naijua, sikulelewa na mbwamwitu. Unamega kipande ukiwa umesimama mlangoni, unatia mdomoni, unaomba dua, unakwenda zako. Mjomba akavua viatu.

Na Mjomba akishavua viatu, unajua. Ikaja chai, ikaja samli, ikaja jemu ya aprikoti, halafu nikasikia kondoo analia nyuma ya nyumba. Nikamfuata nikamnong'oneza, "Mjomba, tunachelewa."

"Kaa chini, mtoto wewe," akasema, mdomo umejaa. "Mimi ndiye kaka wa marehemu. Bila mimi hazikwi mtu pale."

Kufika Tokmok, ikawa zamu ya rafiki yake wa jeshini. Viatu tena! Mama hata hakushuka. Walimletea mkate dirishani, akamega, akashukuru, akageukia upande wa pili. Kila nyumba ilitufungashia nyama, kila mtu fungu lake la heshima, mpaka gari likanuka mafuta.

Tukafika mpakani Kordai, jua limeshapinduka. Askari wa upande wa pili akafungua mafurushi. "Nyama haivuki, wazee. Mifugo ina ugonjwa. Itupeni."

"Kutupa nyama ya heshima?" Mjomba akawaka. "Baba yako ndivyo alivyokufundisha?"

"Baba yangu amenifundisha kulinda mpaka. Itupe, mzee, au rudi nayo."

Hakuitupa, Kaka. Alikaa kitako kando ya ukuta, akachomoa kisu, akawaamuru wanaume waile yote palepale. Nao wakaila! Watu wazima wanaokwenda msibani, mafuta yanatiririka kidevuni, foleni nzima inatupita. Mama alikuwa ameshavuka, amesimama peke yake ng'ambo ya kizuizi anatutazama. Nikamkimbilia, nikamwambia tukodi gari, twende sisi wawili. Akakataa. Ndugu wa marehemu huingia pamoja, kaka yao mbele, la sivyo wakwe watasema Batma hakuwa na kwao. Nilitaka kupiga mayowe.

Tulipoingia mtaani kwa akina Erkin, wanaume walikuwa wanatoka uani na jeneza mabegani. Mjomba akaruka kutoka garini, akapaza kilio, "Dada yangu! Nguzo yangu!" akajipenyeza chini ya jeneza. Wakampisha. Akaenda nalo mpaka kaburini, na nasikia udongo wa kwanza alitia yeye.

Jeneza lilimpita Mama likagusa mkono wa koti lake. Erkin alilia. "Mama Mdogo, tumengoja mpaka imamu amekasirika." Mama akamwambia, "Najua, mwanangu."

Wanawake wakamwingiza kwenye hema la msiba, wakampa nafasi, wakanyamaza ili aanze. Hakuweza. Maombolezo yote aliyoyatunga tangu alfajiri, hata mstari mmoja haukutoka. Alikaa anatazama ukuta wa hema mpaka mke wa Erkin akalia kwa niaba yake. Na huko nje Mjomba ameketishwa mahali pa heshima, anawaambia watu, "Tumekuja mbio, hata kupumua hatukupumua!"

Juzi alikuja hapa nyumbani. Mama alimfungulia, akamnyooshea mkate palepale kizingitini, naye amesimama. Mjomba akamtazama, akatazama viatu vyake, akamega, akaondoka. Nisamehe, lakini nilifurahi mpaka nikaona aibu.

Msalimie wifi Nurjamal, na umbusu Beksultan kwa niaba yangu. Shangazi Kalbu anakusalimu sana. Ulan naye anakusalimu, ingawa nimemnunia kwa kukubali kusimamisha gari. Mungu akushike mkono kwenye hayo magorofa mnayojenga.

Mama hakutuma salamu. Nilipomuuliza nikuandikie nini kutoka kwake, aliendelea kukanda unga, akasema, "Mwambie Sanjar asije kunizika. Aje sasa."

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata nikiwa nimekasirika,
Jazgul