Mzinga wa Meli Iliyozama Rufiji

Makole, Dodoma
Jumanne

Dada yangu Batuli,

Shikamoo dada. Sisi huku tu wazima, mimi, Rukia na watoto, ila mvua bado hatujaiona. Natumaini goti limepoa na unaweza kuinama tena shambani.

Najua utashangaa kupata barua badala ya simu. Kwenye simu ungeniuliza swali, nami ningepata pa kukimbilia.

Mwezi uliopita nilialikwa kanisani Ihumwa nizungumze na wazee juu ya ile manowari ya Wajerumani iliyozama Rufiji. Unajua ninavyoipenda habari hiyo. Niliwaeleza ilivyojificha miezi mingi kwenye mikoko huku mabaharia wakiugua homa, na jinsi Waingereza walivyoipiga mwaka 1915 hata nahodha akaamuru wenyewe waizamishe. Nikawaeleza jinsi waliosalia walivyoitoa mizinga majini, wakaitengenezea magurudumu, wakawa askari wa nchi kavu. Mzinga mmoja ulivutwa kwa kamba mpaka kwetu Kondoa.

Hapo nikasema babu yake Baba, Mzee Abdulwahab, alikuwa mmoja wa wavutaji, kamba ikamchuna mabega. Watu walipiga makofi.

Ndipo akasimama mama mmoja mzee, Dorkasi. Alisema babu yake, Matonya, alichukuliwa Ihumwa kuuvuta mzinga huo, akaacha mke mjamzito. Mtoto aliyezaliwa ndiye mama yake Dorkasi, na amekufa bila kujua baba yake alilala wapi. Akaniuliza, "Mwanangu, babu yako na wenzake walimzika wapi?"

Nikamjibu kwamba hakuna anayejua.

Dada, nilijua. Wiki ile Baba alipozidiwa, ulipokwenda kufuata dawa, aliniita karibu. Aliniambia Abdulwahab hakushika kamba hata siku moja. Alikuwa nyapara. Ndiye aliyewapeleka askari Ihumwa kukamata watu, ili ndugu zake waachwe. Matonya alishikwa na tumbo la kuhara, akaketi chini njiani. Abdulwahab alimchapa kiboko mbele ya baharia aliyesimamia mzinga, akamchapa mpaka hakuinuka tena. Baharia akaamuru safari iendelee. Siku ya pili Abdulwahab alirudi peke yake na jembe, akamzika. Vita vilipokwisha akaomba kulima eneo lile lile. Ni pale kwenye mawe, mwisho wa shamba la chini, ambapo Baba hakuturuhusu kulima.

Baba alinisihi niwatafute watu wa marehemu. Niliahidi. Uliporudi na dawa ukaniuliza ameniusia nini, nikakuambia ni habari ya mbuzi.

Baada ya siku ile ya kanisani nilishindwa kufundisha. Nilisimama mbele ya wanafunzi na chaki mkononi, nikawaambia wasome wenyewe. Juma lililopita nikaenda Ihumwa. Nilimkuta Mama Dorkasi anapepeta uwele, nikamweleza yote, hata kiboko. Aliweka ungo chini. Nilitamani anitukane. Kisha akauliza kama babu yake aliliwa na fisi. Nikasema hapana, alizikwa.

"Na siku ile kanisani ulikuwa unajua?"

Nikasema nilijua.

"Basi nipeleke."

Hakusema amenisamehe, nami sikuthubutu kuomba.

Jumamosi tutafika kwako, yeye, mwanawe Gideoni na mimi. Usipike kama kwa sherehe. Tandika mkeka, weka maji ya kunywa. Hasira uliyonayo kwa kukuficha wasia wa Baba ni haki yako, nimwagie mimi wageni wakishaondoka. Jambo moja tu Mama Dorkasi ameomba: majani ya pale kwenye mawe yasifyekwe. Anataka kuyang'oa kwa mikono yake.

Rukia anakusalimu sana, na watoto wanakuamkia. Nisalimie majirani, lakini usiwaambie bado. Nitawaambia mwenyewe.

Ni mimi mdogo wako, ninayeona haya hata kuliandika jina langu,

Halfani