Kitambaa Ambacho Sijakifua

Mpendwa dada Manka, shikamoo.

Nilikukosea gazetini, kwa hiyo nakuomba radhi gazetini. Ningeweza kushuka Chekereni unakoishi sasa nikakunong'oneza mlangoni, lakini kutukana mbele ya watu na kutubu pembeni ni uoga.

Unaikumbuka siku ile Mwika, kwenye stoo ya kahawa uliyoigeuza karakana. Ulikuwa umeinamia kitanda chako kidogo cha kufumia, unapandisha na kushusha chanuo la mbao lililopitishiwa nyuzi. Kila baada ya mistari michache ulichomeka kijiti bapa nyuma ya chanuo, ukichagua nyuzi za kuinua, midomo ikihesabu. Mimi nilikuja na hasira zangu dhidi ya vitambaa vinavyopigwa chapa kiwandani ng'ambo na kuuzwa Moshi mjini kama urithi wetu. Nilitaka mfano wa kazi halisi. Ukakata kitambaa, ukanipa. Nikakipapasa. Bapa kabisa.

"Dada, hii si shuka ya hospitali? Vile vijumba vya nyuzi ulivyonisifia viko wapi?"

"Nyuzi zilikazwa kitandani, zimelala. Nikifua zitainuka."

"Kumbe siku hizi maji nayo yanafuma."

Ukacheka. "Wewe Aika unaandika makala chai haijapoa. Kaa ule ndizi, kesho utaona."

Sikukaa, na kitambaa nikakiacha palepale. Wiki ile nikaandika juu ya "mafundi wa Mwika wanaofuma mashuka na kuyaita sanaa". Jina sikutaja, na haikuhitajika, maana mfumaji Mwika alikuwa mmoja tu. Wanawake wawili uliokuwa ukiwafundisha wakaacha kuja. Nawe ukashuka Chekereni kulima mpunga, kitanda ukakiacha stoo kimeegemea ukuta.

Mwaka huu mama alinituma stoo ile ile kutafuta gunia, nikakikuta kitambaa kile kimejaa vumbi. Nilikifua ili kiwe safi tu. Nilipokianua kilikuwa kimesinyaa, na uso wote umesimama vijumba vidogo, kila kimoja na shimo lake, kama sega la nyuki. Nikaketi kwenye nyasi nacho mapajani. Mama akapita na ndoo.

"Si alikwambia?" akasema, wala hakusimama.

Basi nikakishusha kitanda chako cha kufumia. Siku za kwanza niliokota kwa kijiti hata nyuzi zinazopita kwenye matundu ya meno ya chanuo, badala ya zile za kwenye mianya kati ya meno peke yake, chanuo likakwama nami nikaligombeza kama mhariri. Wale wenye chapa zao sijawasamehe, na makala nyingine juu yao inakuja. Ila wewe nilikuweka kundi moja nao, na huo ulikuwa uongo wangu.

Wanafunzi wako wamerudi. Mama Neema ananiuliza kila Jumamosi, "Mwalimu anakuja lini? Maana wewe unatufundisha kubishana." Ana haki. Najua mtindo mmoja, tena kwa shida. Bila wewe watachoka na kuondoka tena.

Jumatano nimekata kitambaa changu cha kwanza. Kimelala mezani, bapa kama gazeti, na beseni liko kando yake. Sijui kama vijumba vitasimama. Nimezoea kutoa hukumu kabla ya mtu kumaliza kusema, lakini hiki sikigusi mpaka uje tukitie majini pamoja.

Ndizi zipo. Chai na ipoe.

Mdogo wako, ambaye safari hii amekaa,
Aika