Sketi Iliyochakaa Magotini

Nyumbani kwenu, mlango wa bluu,
Nyuma ya kiwanda cha magodoro.
Jumamosi, tarehe 14, mwezi wa sita.

Mpendwa binti yangu, kitindamimba wangu,

Salamu zinatangulia, maana adabu ni adabu hata kwa aliyekuudhi. U mzima? Kile kifua kimepona, au bado unakohoa na kusema si kitu? Mimi ni mzima, ukiondoa goti la kushoto na hasira. Goti nalipaka mafuta. Hasira naiandika hapa.

Uvumilie mwandiko. Niliishia darasa la tatu, kama ulivyonikumbusha juzi, simu ya kaka yako ikisikika nyumba nzima: "Mama, hukusoma, mambo ya shule niachie mimi." Nilikusikia. Majirani nao walikusikia. Kisha ukaamuru mwanao Chiriku arudishwe chekechea kwa Madamu Jumatatu. Hatarudi. Nakueleza kwa nini, na usome mpaka mwisho, usinikatize kama unavyonikatiza kwenye simu.

Ile chekechea uliichagua wewe kutoka huko ng'ambo, kwa picha. Ukuta umechorwa twiga, Madamu kavaa suti iliyonyooka kama ubao wa kupigia pasi. Kila siku ukatumiwa picha ya mwanao, kakumbatia mdoli, anacheka. Ukafurahi. Nami nikanyamaza, maana nani asiyependa mtoto wake acheke?

Lakini nimekuwa dobi miaka thelathini na mmoja, na nguo haijui kudanganya. Mtoto wa miaka minne alikuwa akirudi kila jioni na gauni safi. Safi! Hakuna mchanga mfukoni, hakuna rangi, hakuna tone la uji. Nyuma tu ndiko kulikong'aa, kwa kusuguliwa na benchi. Na mkono wa kulia wa gauni umetafunwa, umelowa mate mpaka karibu na kiwiko. Wewe ukitazama damu ya mtu kwenye kioo cha maabara unajua anaumwa nini. Mimi naona kwenye pindo. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Nami nilikitafuta humo humo nikakikuta.

Na ule uchiriku wake ukaisha. Si tulimpa jina hilo kwa sababu kinywa chake hakikujua kufungwa? Sasa ukimuuliza jambo anainua kidole kwanza, halafu anasahau alichotaka kusema.

Siku moja kaka yako alitoa simu mfukoni aangalie saa. Mtoto akanyoosha mgongo, akacheka meno yote nje, akakunja mikono kifuani kana kwamba amebeba kitu. Hakubeba kitu, mwanangu. Simu iliporudi mfukoni, kicheko kikazimika. Kaka yako unamjua, hutania hata kwenye msiba. Siku ile hakutania.

Asubuhi yake nikaenda. Madamu akanizuia getini.

"Bibi, wazazi hawaruhusiwi kupita hapa."

"Mimi si mzazi. Mzazi yuko ng'ambo anatazama picha zako."

"Hapa tunalea kisasa, bibi. Utatuvurugia ratiba."

Nikamshukuru, nikazunguka mlango wa jikoni na kapu langu, nikasema natafuta nguo za kufua. Dobi haulizwi mara mbili. Nikachungulia. Watoto wamepangwa kwenye benchi kama chupa dukani, mikono juu ya meza. Midoli imewekwa rafu ya juu kabisa. Msaidizi akashusha mmoja, akampa mwanao. "Mchekee mama!" Akapiga picha, akamnyang'anya mdoli kabla hajaukumbatia sawasawa, akampa mtoto wa pembeni yake. "Haya, na wewe, mchekee mama!"

Nilimtoa siku ile ile. Na kutoka nilipita mlango wa mbele.

Kapu lile lile nikalizungusha kwenye chekechea tatu nyingine. Sikutazama twiga. Nilitazama nguo za walimu. Kwenye ile ya tatu, nyumba ya kawaida ya bati lililopauka, nikamkuta mwalimu mwenye sketi iliyochakaa magotini. Kwingine kote nzima, magotini tu imeisha. Nikajua huyu hupiga magoti. Huongea na mtoto uso kwa uso, hamwiti kutoka juu kama anayeita teksi.

Hakuniuliza wewe unafanya kazi gani. Aliniuliza, "Bibi, mjukuu wako akilia, hubembelezwa na nini?" Nikamwambia siku hizi halii. Akaacha kusuuza vikombe. "Basi huyo ndiye wa kuanza naye," akasema. "Anayelia ataningoja."

Siku ya tatu kwa mwalimu huyo Chiriku akalia. Alilia mpaka akatapika, na mwalimu alikaa naye sakafuni, hakumwambia nyamaza. Wewe uliposikia analia, na picha haziji, ukaona bibi kaharibu mtoto. Mwalimu huyu hapigi picha. Mikono yake ina kazi.

Utauliza nani kanifundisha habari za mkono uliotafunwa. Ni wewe. Ulikuwa na miaka minne, nami nikikuacha kwa yule mama wa nyumba ya pembeni aliyekusanya watoto wetu sisi wafuaji. Ulirudi hivyo hivyo, mkono umelowa. Mimi nikakuchapa kwa kuharibu nguo. Nikaushona, nikaufua, ukatafuna tena, nikakuchapa tena. Nilikuja kujua baadaye kwamba alikuwa akiwafungia ndani na kwenda zake. Hukuniambia, nami sikuuliza. Nilikuwa na nguo za watu za kufua.

Kwa hiyo usinambie sijui. Najua kwa kuwa nilikosea, na sitakaa kimya nikutazame ukikosea palepale nilipokosea mimi.

Ndani ya kifurushi hiki kuna magauni mawili. La manjano ni lako, lilikuwa sandukuni. Pitisha kidole kwenye mkono wa kulia utaona nilipotia viraka. Hilo nililifua, ndiyo maana halisemi kitu. La pili ni la mwanao, la siku yake ya mwisho kwa Madamu. Sikulifua. Lipime, kisha ndipo unipigie unipe amri.

Kaka yako anakusalimu. Shangazi yako wa cherehani naye anakusalimu, anasema uvae vizuri, baridi haina huruma. Mungu akuweke, akupe usingizi na akurudishe ukiwa na meno yako yote.

Chiriku hajambo. Hajasema nikusalimie, nami sitamfundisha kusema.

Ni mimi mama yako, akupendaye hata akikukaripia.