Chama cha Kuandika Katika Fomu

Mjukuu wangu Neema,

Sisi wa hapa Newburg, mtaani kwetu Louisville, tu wazima. Shangazi yako wa Columbus amejifungua mapacha, na bibi yako anaimba tangu Jumapili.

Umeniuliza uandike chama gani katika fomu ya mpiga kura. Nilipokuwa mwanafunzi Bukavu, mwalimu mkuu alitugawia kadi za chama pekee cha nchi, zikiwa zimekwisha kuandikwa majina yetu. Nikauliza, "Na asiyetaka, Mwalimu?" Akaninong'oneza, "Keti, mwanangu. Swali hilo usilirudie."

Nilipojiandikisha hapa Louisville, karani aliniuliza chama changu. Nilimwomba arudie. Nilikuwa nimemsikia vizuri. Nilitaka tu kulisikia swali hilo tena.

Kule Ohio kwa shangazi yako, mtu huchagua chama siku yenyewe ya kura ya mchujo. Huko kwenu Buffalo, kama hapa, asiyejiandikisha mapema katika chama hashiriki kumteua mgombea wa chama hicho wa kwenda Bungeni. Kwa hiyo usiiache tupu nafasi ya chama katika fomu yako.

Bibi yako anaichungulia barua hii na kusema, "Mzee, mtajie basi chetu!" Nimekataa. Wewe ndiye uliyeulizwa.

Babu yako akupendaye,
Ezekieli